Pikapu ya petroli: ulaji wa mafuta wa kwenye karatasi na wa barabarani, nani wa kumwamini?

Fundi wa Mabomba

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wenu.

Natafuta pikapu ya petroli iliyotumika. Dizeli nimeiweka pembeni kwa makusudi. Safari zangu nyingi ni fupi, injini inazimwa kabla haijapata moto vizuri, na dizeli za siku hizi zenye chujio la masizi haziyawezi maisha hayo, chujio linaziba.

Siku nyingi kwenye bodi kuna vifaa tu, kama kilo 200. Mara mojamoja naweka mabomba marefu kwenye keria, au navuta trela lenye mashine ya kuchimbia.

Nimebaki na mbili mezani. Moja ni silinda nne yenye turbo, karatasi yake inasema lita 9.5 kwa kilomita 100. Nyingine ni V6 (silinda sita) ya lita 4.0 isiyo na turbo, inasema lita 12. Kwenye karatasi sina cha kujiuliza. Ila nikisoma maoni ya wenye magari nachanganyikiwa: mmoja anasema ile ya turbo inampa kilomita 11 kwa lita, mwingine mwenye gari hilohilo anapata 7. Nimwamini nani?

Dereva wa Masafa

Mkuu, waamini wote wawili, halafu uliza kila mmoja anaendeshaje.

Kwanza hiyo karatasi yako ni ya kipimo gani? Ulaya ilikuwa na kipimo cha NEDC kabla ya WLTP kuanza kuchukua nafasi yake mwaka 2017. NEDC ilikuwa jaribio la dakika 20 hivi, umbali wa kilomita 11 tu, gari linaongezewa mwendo polepole mno kuliko mtu yeyote anavyoendesha. WLTP ina zaidi ya kilomita 23 na mwendo unapita 130. Marekani nao walirekebisha namba zao, za EPA (wakala wao wa mazingira), kuanzia magari ya mwaka 2008, wakaingiza mwendo mkali, kiyoyozi na baridi. Kwa hiyo kama pikapu moja ina namba ya NEDC na nyingine ya EPA, hapo hujalinganisha kitu.

Pili, ukikuta mtu anaandika maili kwa galoni, angalia yuko wapi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Maili 25 kwa galoni kwa Mmarekani ni kilomita 10.6 kwa lita, kwa Mwingereza ni 8.85. Namba ileile, gari tofauti kabisa.

Tatu ni mwendo, na hapa ndipo pikapu inapoumia kuliko gari dogo. Pikapu ni ndefu kwenda juu, pua yake imesimama wima, na upepo hauna huruma. Nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 kwenda 110, upinzani huo unaongezeka karibu nusu. Yule wa kilomita 11 kwa lita yawezekana anakwenda 85 barabara tambarare, na wa 7 anakwenda 120 na keria juu. Keria tupu nayo inakula mafuta, ishushe siku ambayo hubebi mabomba.

Gereji Kila Siku

Naongezea upande wa injini, maana ndiko swali lako liliko.

Turbo ndogo inakula kidogo pale tu isipofanya kazi kubwa. Ukiwa tupu, mguu mwepesi, turbo haisukumi hewa nyingi na wewe unaendesha injini ndogo kweli. Funga trela, anza kupanda mlima: turbo inajaza hewa, petroli inaongezwa kulingana na hewa hiyo. Kwa kawaida kompyuta inalenga uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Mzigo ukizidi sana, injini nyingi zinatajirisha mchanganyiko, yaani petroli inaingia zaidi ya inayoweza kuungua, kazi yake ikiwa kupoza. Hapo V6 kubwa inapanda bila kuhangaika na pengo la kwenye karatasi linapungua sana, mara nyingine linageuka.

Watengenezaji hawakukosea kwenda huko, msinielewe vibaya. Ford waliweka V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili kwenye F-150 ya 2011, na Toyota kwenye Tacoma ya 2024 wakaachana na V6 ya lita 3.5 wakaingia silinda nne ya lita 2.4 yenye turbo. Nguvu zipo. Ila nguvu ikitoka, petroli imeingia, hakuna njia ya mkato.

Angalia na uwiano wa difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Pikapu mbili za injini moja, difu ya 3.55 na ya 4.10, hazitakula sawa: yenye 4.10 inavuta trela vizuri lakini kwenye lami injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule.

Mama Shamba

Kaka, kabla hujaamini namba ya mtu muulize saizi ya tairi. Kuna wanaotoa 265/65R17 wanafunga 285/70R17. Kipenyo kinaongezeka kama asilimia 7, maana yake gari likienda kilomita 107 odomita inaandika 100. Anaona ulaji umepanda kuliko ulivyopanda kweli. Tairi kubwa ni nzito na inakula zaidi, hilo ni kweli, lakini sehemu ya lawama ni ya hesabu.

Na wanaoshusha mlango wa nyuma ili upepo upite, waache. Mlango ukiwa umefungwa hewa inajizungusha ndani ya bodi na upepo wa juu unapita juu yake. Kifuniko cha bodi kinasaidia kidogo, kushusha mlango hakusaidii.

Fundi wa Mabomba

Asanteni sana, mmenifungua. Kwa hiyo kwa matumizi yangu ya siku nyingi kuwa mwepesi, turbo bado ina maana?

Dereva wa Masafa

Bado ina maana, ila piga hesabu kwa lita, usipige kwa kilomita kwa lita, ile inadanganya macho. Kutoka kilomita 6 kwa lita kwenda 8 unaokoa lita 4.2 kila kilomita 100. Kutoka 10 kwenda 12, hatua ileile ya 2, unaokoa 1.7 tu.

Kwenu tofauti ya karatasi ni lita 2.5. Kwa safari fupi na injini baridi mimi ningeikata hadi 1.5. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, hizo ni lita 225. Zigeuze kuwa pesa ya kwako, kisha ziweke pembeni ya tofauti ya bei ya kununua, na uangalie kama hiyo turbo inataka petroli ya okteni ya juu. Kama inataka, faida yaweza kuishia hapo hapo.

Gereji Kila Siku

Na kabla ya kulipa, pima mwenyewe. Usitegemee dashibodi, nyingi zinajisifu. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, acha hapo, usiongeze hata kidogo. Sifurisha kihesabu cha safari, endesha kama utakavyoendesha kazini, rudi kwenye pampu ileile, gari limesimama upande uleule, jaza tena hadi ikate. Lita zilizoingia gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Jaribio moja fupi linayumba, kwa hiyo muuzaji akikubali chukua umbali mrefu.

Akikataa, chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Angalia joto la maji baada ya mwendo wa kutosha. Likiganda kwenye nyuzi 70 halipandi, thamostati imekwama wazi na injini inaendelea kulishwa kana kwamba bado ni baridi. Angalia pia marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: yakikaa juu ya asilimia 10 muda wote, kuna hewa inavuja au sensa ya hewa ni chafu. Gari la namna hiyo litakupa namba mbaya hata kama injini yenyewe ni nzuri, na hayo ni matengenezo madogo. Mwambie ayafanye, kisha mpime upya.