Tupeane uzoefu: ulitambuaje kwamba cheti cha tovuti ni cha kweli?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu siku ambayo tulilazimika kukikagua cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayomwonyesha mtumiaji jina la tovuti na aliyelithibitisha, badala ya kuiamini tu ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Nianze na changu. Nilikuwa safarini, nikaunganisha kompyuta na waifai ya hotelini na kufungua barua pepe, kivinjari kikanionya kwamba muunganisho si salama. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nusura nibonyeze kitufe cha kuendelea. Nilipofungua maelezo ya cheti nilikuta kwamba jina lililoandikwa humo si la huduma yangu ya barua pepe, bali ni la kifaa cha mtandao wa pale pale. Kumbe mtandao ule ulitaka kwanza niukubali ukurasa wake wa masharti, hivyo ulikuwa ukilidaka ombi langu na kulijibu wenyewe. Mwizi hakuwepo, lakini kama ningeendelea, kivinjari kingeweza kukikabidhi kifaa nisichokijua vidakuzi, yaani vijifaili vya kivinjari vinavyofungua akaunti yangu.

Mchangiaji wa kwanza

Kisa changu ni kinyume cha chako, na naona ndicho cha hatari zaidi, kwa sababu hapakuwa na onyo lolote. Nilipokea ujumbe uliodai kwamba akaunti yangu itafungwa, nikafuata kiungo, nikaona kufuli. Cheti kilikuwa halali, hakijaisha muda, na kimetolewa na mamlaka inayoaminika, yaani shirika la kutoa vyeti ambalo vivinjari hulikubali. Kilichonishtua ni mambo mawili: kilikuwa kimetolewa siku mbili tu kabla, na jina lililokuwamo lilizidi jina la kweli kwa herufi moja. Siku mbili peke yake si ushahidi, maana tovuti za kweli nazo hubadilisha vyeti mara kwa mara, lakini ile herufi ilitosha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba cheti cha kawaida huthibitisha jambo moja tu, kwamba unazungumza na mwenye kulimiliki jina lile, na hakisemi kama mwenye jina ni mwaminifu. Tangu Let's Encrypt, mojawapo ya mamlaka hizo, ianze kutoa vyeti bila malipo mwaka 2015, jambo jema ambalo limeulinda mtandao mzima, tapeli naye anaweza kukipata chake kwa dakika chache. Google iliiondoa alama ya kufuli katika upau wa anwani wa kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023, ikieleza kwamba watu wengi waliielewa kuwa ni alama ya tovuti ya kuaminika.

Mchangiaji wa pili

Mimi niligundua jambo kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Kila tovuti niliyoifungua, hata ziwe za kampuni tofauti kabisa, cheti chake kilionyesha mtoaji mmoja, naye alikuwa programu ya kuzuia virusi niliyoisakinisha. Programu ile ilikuwa imeweka cheti chake cha mizizi, yaani kile kinachotumiwa kuidhinisha vyeti vingine, katika orodha ya vinavyoaminika, ikawa inafungua mawasiliano yangu, inayasoma, kisha inayafunga upya. Nilithibitisha kwa kufungua tovuti zile zile kwa simu, kwa data ya laini yangu, ambako watoaji walikuwa wengine.

Tahadhari kwa watakaojaribu: msilinganishe alama ya kidole ya cheti peke yake, yaani ile SHA-256, msimbo wa kukitambulisha cheti wenye herufi na tarakimu 64, kwa sababu tovuti kubwa huweza kuwa na vyeti kadhaa halali kwa wakati mmoja katika seva mbalimbali. Tazameni kwanza mtoaji.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu vyeti vyote viligoma siku moja. Betri ndogo ya kompyuta ilikuwa imekufa na saa ikarudi nyuma miaka kadhaa, kwa hiyo kila cheti kilionekana kwamba muda wake haujaanza. Nilirekebisha tarehe, yakaisha.

Mchangiaji wa nne

Nasimamia seva, na nadhani tukumbuke kwamba hata mamlaka yenyewe huweza kuvamiwa. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa mamlaka ya vyeti, wakatoa vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimojawapo cha google.com, kilichotumiwa kuwapeleleza watu nchini Iran. Kwa macho ya mtumiaji kilikuwa sahihi kabisa. Kilichokiumbua ni kwamba ndani ya Chrome mlikuwa mmeandikwa mapema mamlaka zinazokubalika kwa tovuti za Google. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo.

Tangu Aprili 2018 Chrome inadai kila cheti kipya kiandikwe katika daftari za wazi ambazo yeyote anaweza kuzipekua. Mimi hupekua jina la tovuti yangu kila mwezi kupitia crt.sh, tovuti ya kupekulia daftari hizo, na siku moja nilikuta cheti nisichokiomba. Niliwasiliana na wenzangu kwa hofu kubwa, kumbe mmoja wao alikuwa amefungua tovuti ya majaribio bila kutuarifu.

Mwanzisha mada

Nashukuru, ndugu. Naomba kuuliza: kwa cheti ambacho mtu amejitengenezea mwenyewe, kisicho na mamlaka yoyote nyuma yake, mnathibitishaje?

Mchangiaji wa nne

Humpigia simu mwenye seva kwa namba niliyokuwa nayo tangu awali, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye tovuti hiyo, naye hunisomea alama ya kidole kutoka kwenye seva yenyewe huku nami nikiifuatilia kwenye skrini yangu, herufi kwa herufi, hadi ya 64.