Mjadala: Je, mashamba ya mkonge ya Tanga yapandwe michikichi ili tupate dizeli?

Mkazi wa Chumbageni (mleta mada): Ndugu zangu, tangu mwaka 2025 Indonesia inachanganya asilimia 40 ya mafuta ya mawese katika dizeli yake, ilhali sisi dizeli yetu yote tunaiagiza kutoka nje. Mchikichi uliotunzwa vizuri hutoa tani tatu hadi nne za mafuta kwa hekta kwa mwaka, wakati alizeti haifikii hata tani moja. Tanga tuna bandari, tuna reli, na tuna mashamba ya mkonge yaliyogeuka vichaka. Naomba tujadili kwa hoja kuna ubaya gani kuyapanda michikichi. Nitangulize tu kwamba ndugu zetu wa Muheza wasitarajiwe kuliongoza jambo hili, kwa kuwa michungwa imewazeekea na bado wanamsubiri mnunuzi awafuate kitandani.

Mwalimu mstaafu, Pangani: Bwana Chumbageni, mchikichi unahitaji mvua ya takriban milimita 1,800 kwa mwaka au zaidi, tena isiyokatika kwa miezi mingi mfululizo. Tanga mjini hatufikii kiasi hicho, na ukiingia bara kuelekea Korogwe mvua inazidi kupungua, ndiyo maana mkonge aliouleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893 ulishamiri huko, kwa sababu ni mmea unaovumilia ukame. Mahali katika mkoa wetu panapokaribia mvua ya kumtosha mchikichi ni Amani na safu ya Usambara Mashariki, yaani palepale penye msitu. Kwa hiyo una njia mbili: umwagilie kwa maji ya Mto Pangani, ambayo tayari yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, au upande mlimani ukafyeke. Huko Indonesia walifyeka, wakachimba mifereji kukausha ardhi ya mboji iliyolowa maji kwa maelfu ya miaka, na mwaka 2015 moto ukateketeza zaidi ya hekta milioni mbili. Moshi wake ulifika Singapore. Hewa ukaa iliyotoka humo hailipwi kwa miaka michache ya kuendeshea malori mawese.

Mkulima wa Muheza: Mimi nimesoma mpaka neno "kitandani" nikasimama hapo. Kaka wa Chumbageni, umewahi kuuza chungwa? Msimu ukifika, mnunuzi huja na lori lake, hutembea shambani, huutazama mti, na hutaja bei ya matunda yakiwa bado juu ya mti. Ukikataa, kesho anakwenda kwa jirani, na wewe unabaki na machungwa yanayodondoka. Huo ndio usingizi wetu. Mtu anayekunywa maji ya Mto Zigi kila asubuhi, maji yanayotoka kwetu milimani, angetafuta lugha ya adabu.

Mkazi wa Chumbageni: Mzee wangu, maji ya Zigi tunayalipia bili. Sikumtukana mtu, nilieleza hali. Kama bei ya chungwa ni mbaya, hiyo ni sababu zaidi ya kuhamia kwenye zao lenye kiwanda.

Mama wa Amani: Tunayalipia! Mwanangu, bili hiyo hailipi msitu. Watu wa Derema waliachishwa mashamba yao ya iliki ili ule ushoroba wa msitu uhifadhiwe, nanyi wa mjini mkaambiwa maji hayatakauka. Leo unataka mlima uleule upandwe mchikichi ili lori lisafiri. Iliki ilikuwa na dhambi gani, ambayo ilimea chini ya kivuli cha miti bila kuufyeka msitu wote?

Mkazi wa Chumbageni: Mama, shikamoo. Mlima ameutaja mwalimu, mimi nilitaja mashamba ya mkonge.

Dereva, Korogwe: Haya mambo tuliyaona Bagamoyo. Waswidi walikuja pale Razaba wakasema watapanda michikichi ya mafuta ya magari, na mwisho wake tukabaki na maneno.

Mwalimu mstaafu, Pangani: Ilikuwa miwa, Bwana Dereva, ya kutengeneza ethanoli na baadaye sukari. Serikali iliusimamisha mradi ule mwaka 2016, na hoja zilizotolewa zilikuwa wanyama wa Saadani na maji ya Mto Wami. Mibono, mmea wa mbegu za mafuta ya magari, ilikuwa ya Kisarawe, ambako kampuni ya Waingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji, kisha ikashindwa. Nilichoandika juu ya mvua hakijajibiwa.

Mkulima wa Muheza: Mvua itajibiwa, mwalimu, lakini tumalize kwanza hili la kiwanda, maana limesemwa kana kwamba ni neema. Mimi nina ndugu wa ndoa Kigoma. Chikichi likishakatwa, lisipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili asidi inapanda na mafuta yanashuka daraja. Chungwa linaningoja siku kadhaa, chikichi halingoji. Sasa kama kinu ni kimoja na ni cha mwenye mtaji, mkulima aliyesimama na mikungu yake juani atabishana bei kwa nguvu gani? Utakuwa umeniondoa kwa mwenye lori ukanikabidhi kwa mwenye kinu.

Muuza duka, Ngamiani: Naomba niulize kitu cha jikoni. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kwa takriban mwezi mmoja, kuanzia mwisho wa Aprili, na mafuta ya kupikia yalikuwa tayari ghali. Wateja wangu waliokuwa wakichukua lita walianza kununua kwa kipimo cha kikombe. Nchi hii mafuta ya kula haijitoshelezi. Hivi anayetaka kuyachoma mawese kwenye injini amewahi kusimama nyuma ya kaunta?

Mkazi wa Chumbageni: Hoja hiyo naikubali nusu. Basi tupande kwa ajili ya kula kwanza, ziada iende kwenye dizeli.

Dereva, Korogwe: Ziada ya nini, kaka, na hata ya kula haitoshi? Kama mnataka nishati, pale Hale waliwahi kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge. Katika jani la mkonge singa, yaani nyuzi, ni sehemu ndogo sana, kinachobaki hutupwa. Hakuna msitu unaokatwa wala maji mapya yanayotafutwa. Hilo hamlizungumzi kwa sababu halina mwekezaji mwenye miwani.

Mama wa Amani: Na hilo lifanyike kabla ya mchikichi.

Mkazi wa Chumbageni: Lifanyike, mama, lakini mabaki ya mkonge hayakaangi samaki. Mzee wa Muheza, wewe binafsi ungepanda?

Mkulima wa Muheza: Kwa ajili ya magari, sipandi. Kwa ajili ya chungu, nikipewa miche ya tenera, ile michikichi chotara, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga kule Kigoma na tukawa na kinu chetu cha ushirika, ningetoa ekari moja. Ninayo bondeni, yenye unyevu mwaka mzima, haina haja ya mvua ya mwalimu.

Mwalimu mstaafu, Pangani: Unyevu wa mwaka mzima unatoka wapi, Bwana Mkulima?

Mkulima wa Muheza: Iko kando ya Zigi.

Mwalimu mstaafu, Pangani: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukishazipima, tuambie ekari imebaki kiasi gani.