Sungusungu wa mtandaoni: kumwanika mshukiwa kabla polisi hawajafika ni haki?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, kila video mpya ikitoka tunagawanyika. Raia wanafungua akaunti ya mtoto wa miaka 13. Mtu mzima anaingia, anaanza maneno machafu, anaomba wakutane. Akifika anakuta simu zinamrekodi mubashara, na sura yake inasambaa kabla hata polisi hawajapigiwa. Kimaadili inasimama? Na mahakamani inafika wapi? Naomba majibu ya wanaojua sheria na ushahidi. Matusi kwa wabakaji tunayajua wote.

Wakili Mtulivu
Kuna kukusanya ushahidi na kuna kuutangaza. Watu wanayachanganya hayo mawili ndiyo maana mjadala hauishi.

Anayesema ushahidi wa raia haupokelewi anapotosha. BBC ilikusanya takwimu za polisi wa Uingereza ikakuta kwamba mwaka 2016, katika mashtaka 259 ya kwenda kukutana na mtoto baada ya kumrubuni, 114 yalitumia ushahidi wa makundi haya ya raia. Julai 2020 Mahakama ya Juu ya huko, katika shauri la Sutherland, ikaamua kuwa mtu mzima anayemtumia ujumbe wa ngono yule anayemdhani ni mtoto hawezi kujikinga kwa haki ya faragha. Ila uamuzi uliishia hapo. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kumzingira mtu, kumpiga wala kumrusha mubashara.

Utetezi utasoma mazungumzo mstari kwa mstari: nani alitaja ngono kwanza, nani alileta habari ya kukutana, umri ulitajwa lini, na je, jibu la mshukiwa linaonyesha aliuona? Chambo, yaani raia anayejifanya mtoto, akichokoza, kesi inayumba. Katika Jacobson (Marekani, 1992) maofisa walimwandikia mtu barua za kumshawishi kwa miezi 26 mpaka akaagiza picha haramu, na Mahakama ya Juu ya huko ikaifuta hukumu. Kwa kawaida utetezi huo wa kushawishiwa kutenda kosa unailenga dola, siyo raia. Lakini polisi wakishaanza kuliongoza kundi kichinichini, kundi nalo linaweza kuhesabiwa mkono wa dola.

Kumbukumbu_Ghafi
Upande wa data. Makosa hujirudia yaleyale.

Picha za skrini zilizokatwa ni dhaifu. Jina linaloonekana hubadilishwa kwa sekunde tano. Kinachodumu ni namba ya akaunti au kiungo kamili cha ukurasa wake, kwa hiyo hicho ndicho cha kunakili. Rekodi skrini ukishuka mazungumzo yote tangu ujumbe wa kwanza, bila kuruka hata yasiyo na maana, kisha pakua nakala ya data ya akaunti kama jukwaa linaruhusu. Andika saa pamoja na tofauti yake na UTC (saa ya kimataifa). Faili likikamilika, kokotoa heshi ya SHA-256 (alama ya kidijitali inayobadilika faili likiguswa), iandike pembeni na usiliguse tena. Likihaririwa hata kidogo, au likipita kwenye programu ya ujumbe inayobana video, heshi haitalingana na swali la kwanza mahakamani litakuwa hilo.

Kuhusu IP, yaani anwani ya muunganisho wa intaneti, wengi wanaamini inataja nyumba. Kampuni za simu hugawa anwani moja kwa wateja wengi kwa wakati mmoja. Bila saa kamili na namba ya poti (inayotofautisha wateja wa anwani moja), hakuna anayeweza kusema ni nani. Hapo ndipo mtu asiyehusika huanikwa.

Sasa kuhusu kutangaza. Chambo si mtoto. Watoto halisi, kama wapo, wamo ndani ya simu ya yule mtu: mazungumzo mengine, picha, akaunti za kuhifadhia. Ukimrusha mubashara umempa yeye na wenzake muda wa kufuta. Polisi wangemkamata asubuhi na mapema, vifaa vikiwa mikononi mwake. Nchini Marekani polisi wakiiandikia kampuni, inalazimika kuhifadhi data siku 90, na zinaweza kuongezwa 90 nyingine. Raia hana barua kama hiyo. Kwangu hoja hii inatosha peke yake, hata kama mshukiwa ana hatia asilimia mia.

Akikutumia picha ya mtoto wa kweli, usiihifadhi kwingine, usiisambaze, usiitume hata kwa mwenzako wa kundi. Nchi nyingi kuwa nayo ni kosa, hata kwa mwenye nia njema. Acha akaunti ilivyo, piga simu polisi, wao waje kuichukua.

Sina_Subira
Yote sawa, lakini ripoti zinakaa miezi. Agosti 2025 Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ilimfungia kijana maarufu kwa kuwanasa watu wa aina hii kwenye mchezo wao, na umma ukasimama upande wake. Mnadhani kwa nini? Watu hawapendi sungusungu, wamechoka kusubiri.

Dawati_la_Watoto
Uchovu huo ni wa haki na majukwaa yenyewe ndiyo yaliyousababisha. Ila tuangalie gharama ya usungusungu huu. Novemba 2006, Texas, polisi na wapiga picha wa kipindi cha televisheni ya NBC cha kuwanasa watu kwa chambo walifika nyumbani kwa msaidizi wa mwendesha mashtaka, naye akajipiga risasi. Kituo kilimalizana na familia mwaka 2008. Katika operesheni hiyohiyo mwendesha mashtaka wa kaunti alikataa kesi zaidi ya 20, sababu mojawapo ikiwa kwamba hazikuwa ndani ya mamlaka ya eneo lake. Arnhem, Uholanzi, 2020: vijana walimvuta mwalimu mstaafu wa miaka 73 kwa miadi ya mtandaoni, wakampiga, akafa. Polisi wa huko wakawaomba wananchi waache kabisa kuwasaka washukiwa wenyewe.

Halafu kuna lisilosemwa. Wengi wanaodhuru watoto wanafahamika na mtoto: baba wa kambo, mjomba, kocha. Chambo hakiwafikii hao. Na ukianika sura ya mmoja wao, jirani yeyote atajua mtoto ni nani. Umemwanika mtoto.

Kundi linaloishi kwa michango na watazamaji nalo lina tatizo lake: video ya kulia na kupiga magoti inalipa kuliko faili lililokabidhiwa kimya. Na likidai pesa ili lisirushe, hilo ni kosa jingine la jinai.

Zamu_ya_Usiku
Nimeelewa. Polisi wakipokea na kunyamaza, je?

Dawati_la_Watoto
Dai namba ya kumbukumbu na jina la afisa siku unayokabidhi. Ripoti pia kwenye jukwaa kwa kipengele cha usalama wa watoto, siyo "unyanyasaji" wa jumla, maana kampuni za Marekani zinapojua zinalazimika kupeleka taarifa NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Picha za unyanyasaji wa watoto zilizo mtandaoni, tuma kiungo tu kwa IWF (shirika la Uingereza linaloshughulikia kuziondoa) au kituo cha nchi yako kilicho ndani ya INHOPE, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kuripoti. Wiki mbili kimya, andika barua kwa mkuu wa kitengo ukitaja namba ile, nakala kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Kama mshukiwa anafanya kazi na watoto, anayepaswa kujua leo ni msimamizi wa ulinzi wa watoto mahali hapo, na umwambie polisi wameshapokea ili asimwite ofisini kumhoji mwenyewe.