Mjadala: Kodi ya fremu ya mwaka mzima, iachwe ilivyo au iwekewe ukomo?

Mleta mada, Kirumba:

Wakuu, habari za leo. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwisho wa mwaka jana. Nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa sijawatendea haki wenzangu wa mtaani, kwa hiyo naliweka hapa tulijadili.

Wanaoijua Kirumba, hapa Mwanza, wanajua ilivyobadilika. Huku kwetu, kutoka soko la samaki la Mwaloni kupanda kwenda barabara ya Makongoro, kulikuwa na mabanda ya mbao, mafundi baiskeli na akina mama wa dagaa. Leo jioni magari yanakosa pa kuegesha. Vijana wanatoka Nyegezi na Buzuruga kuja kula sato na kupiga soga. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo–Busisi, Juni 2025, mtu wa Sengerema anakula mchana hapa na jioni yuko kwake, hana habari ya kusubiri kivuko. Wateja wapo, hilo silalamikii.

Ninachouliza: ni sawa mwenye fremu, yaani chumba cha biashara, kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo? Au mamlaka zetu mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, zitafute namna ya kuweka ukomo? Mimi nasema ukomo uwepo, na uwe miezi mitatu.

Nieleze nimefikaje huko. Miaka sita nilikuwa na mgahawa wa mchemsho, meza tano tu. Saa kumi na mbili asubuhi niko Mwaloni nafunua mashavu ya samaki mmoja mmoja. Sato akiwa mwekundu ndani, na ukimbonyeza nyama inarudi, huyo ni wa usiku uleule. Akiwa amepauka simgusi hata kwa bei ya bure. Nikirudi nawaweka kwenye beseni mbele ya mlango, mteja anajichagulia wake. Siku za mbalamwezi dagaa wabichi hawapatikani, maana wavuvi huwavuta kwa taa na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Siku hizo nilichemsha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaiweka na karanga, na wapo watu wazima waliokuwa wakija kwa ajili hiyo tu, wakisema wameikumbuka kwao Magu. Mtu anayeanza leo na mtaji wa mashine ya kukaangia chipsi hawezi kujua haya, wala si kosa lake. Yanajulikana kwa kukaa.

Nilianza kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, nalipa kila miezi mitatu. Baadaye ikawa miezi sita, nikajikaza. Novemba mwaka jana nikapokea ujumbe wa simu: kuanzia mkataba mpya ni 450,000 kwa mwezi, mwaka mzima, nimepewa wiki tatu. Pigeni hesabu. Hiyo ni 5,400,000. Juu yake kuna kodi ya zuio, asilimia 10, ambayo ni 540,000. Kwa utaratibu mpangaji wa biashara huikata kwenye kodi ya pango na kuipeleka TRA, yaani inatoka kwenye fedha ya mwenye nyumba. Wangu aliniambia, "Mimi nataka yangu kamili." Basi inatoka mfukoni kwangu. Ni karibu milioni sita kabla sijanunua gunia la mkaa. Meza tano za mchemsho haziwezi kuzaa fedha hiyo ndani ya wiki tatu hata ungewapika samaki wote wa Mwaloni.

Nikatoka. Fremu ile haijapata mtu mpaka leo, ina karatasi mlangoni na namba ya dalali. Mimi napikia nyumbani na bodaboda wanasambaza. Hebu tujadili.

Mchangiaji, Isamilo:

Pole sana dada, nilishakula kwako na mchemsho wako naujua. Lakini kwenye hoja napingana na wewe. Eneo likipanda thamani na kodi inapanda, ndivyo ilivyo kila mji. Kuna mgahawa mpya huku kwetu wa kahawa na keki. Wamelipa mwaka, wameweka vioo, wameajiri vijana tisa, na wote wana kadi za kupima afya. Mtu aliyelipa mwaka anatuliza akili na kufanya kazi. Tukiweka ukomo, mwenye fremu atahamia kujenga lodji, na fremu zenyewe zitapungua. Hapo bei itapanda zaidi na mtakaoumia ni ninyi.

Mpangaji, Makoroboi:

Naomba nimjibu ndugu wa Isamilo. Unasema ndivyo ilivyo kila mji, lakini kumbuka fremu zimekuwa dhahabu kwa sababu gani. Mwisho wa 2018 tulipewa vitambulisho vya mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000, tukaambiwa tufanye biashara bila kusumbuliwa. Mwaka 2021 machinga tukaondolewa barabarani nchi nzima. Sikatai, njia zilikuwa zimejaa, hata mgonjwa kupita ilikuwa tabu. Lakini wote tuliobanwa tukakimbilia fremu kwa wakati mmoja, na wenye fremu wakaona. Mimi nauza vitenge. Chumba cha mita mbili kwa tatu nimekipata kwa kilemba, yaani fedha ya kuingilia, cha milioni tatu, halafu ndiyo kodi, halafu dalali akachukua ya mwezi mmoja. Mtaji ulioingia kwenye mzigo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ulioingia kwenye kuta.

Mwenye fremu, Pasiansi:

Wanangu, nami nisikilizwe. Mnaongea kana kwamba fremu zinaota kama uyoga. Mimi nimejenga fremu nne juu ya jabali. Anayeijua Mwanza anajua maana yake. Ni kuchoma moto juu ya jiwe siku nzima mpaka lipasuke, kisha nyundo, kisha unarudia. Kabla sijaweka tofali la kwanza nilikuwa nimemaliza mafao yangu nusu.

Nilianza na kodi ya mwezi kwa mwezi kwa sababu niliwaonea huruma vijana. Mmoja akaniachia deni la miezi mitano na bili ya maji karibu laki nne, akahama usiku na shubaka zake. Kesi nimeifuata miaka miwili na sijapata hata shilingi. Mwingine alikuwa mama wa chakula, mwaminifu, ila mtoto wake aliugua na nikamvumilia miezi minne. Nani alinivumilia mimi? Ndiyo maana nadai mwaka. Siyo roho mbaya. Ni woga.

Mleta mada, Kirumba:

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesema neno woga, kwa sababu mimi nilidhani ni tamaa, na nimelibeba hilo na kinyongo chake tangu Novemba.

Ila nawe uone woga wa upande wetu. Wewe ukipata mpangaji mbaya unapoteza miezi mitano, fremu unabaki nayo. Mimi nikitolewa kwa wiki tatu sibaki na kitu. Wateja hawahamishiki. Yule baba wa Magu anayekuja kula michembe hana namba yangu, anaujua mlango tu. Siku anakuta karatasi ya dalali, ameshaenda kwingine.

Na kwa ndugu wa Isamilo: mgahawa wa kahawa na keki siupingi hata kidogo, vijana tisa ni ajira. Lakini hebu tembea barabara moja unayoipenda uhesabu nani amelipa mwaka kwa mkupuo. Huku kwetu utakuta maduka ya kubeti, maduka ya simu, na yule mwenye mtaji kutoka nje ya Mwanza. Mshona viatu, mwuza dawa za mifugo, mama wa mchemsho, hao wanarudi nyuma mpaka uchochoroni. Sasa huyo kijana anayetoka Nyegezi anakuja Kirumba kutafuta nini? Chipsi zipo Nyegezi. Anakuja kwa sababu samaki ametoka majini usiku uleule na mpishi yuko mita mia tatu kutoka mwaloni. Sisi ndio tuliolifanya eneo likapanda, na lilipopanda tukaambiwa hatulimudu.

Mchangiaji, Nyegezi:

Nimewahi kufanya kazi kwenye masuala ya sheria ndogo, niongeze hapa maana naona tunaweza kupoteza nguvu. Nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya 1984. Ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, lakini lazima ipate ridhaa ya waziri. Kwa hiyo tukitaka ukomo kwa fremu za watu binafsi, njia ni ndefu na inapita bungeni.

Iliyo karibu ni mikataba. Watu wengi Mwanza wanafanyia biashara kwenye karatasi ya ukurasa mmoja iliyonunuliwa dukani, haina hata mstari unaosema notisi ni ya muda gani. Wiki tatu za dada zilitoka wapi? Hazikuwa zimeandikwa popote, nina hakika. Anzeni kwa mkataba wa mfano unaosema notisi ya kupandisha kodi ni miezi sita, kodi ya zuio inatoka kwa nani, na mpangaji akishindwa kulipa aondoke ndani ya siku ngapi. Hilo la mwisho ndilo litakalomtuliza mzee wa Pasiansi.

Mpangaji, Makoroboi:

Mkuu, mkataba wa mfano ni mzuri, lakini mpangaji anayetafuta fremu hana ubavu wa kusema "badilisha mstari huu". Ukiuliza swali la pili, dalali anakwambia kuna mtu nyuma yako ana fedha taslimu.

Mchangiaji, Nyegezi:

Kweli kabisa. Ndiyo maana usiende peke yako. Wapangaji wa barabara moja wakiwa na karatasi moja, dalali hana wa kumtishia.

Mleta mada, Kirumba:

Mkuu wa Nyegezi umenifungua macho. Ni kweli, mkataba wangu ulikuwa ukurasa mmoja, na neno notisi halimo. Nimeutoa kabatini sasa hivi nikausoma tena.

Basi nibadilishe ninachoomba. Mzee wangu wa Pasiansi, nakuuliza wewe kwa sababu umesema bila kuficha. Mpangaji mpya usiyemjua alipe miezi sita, nakubali, una haki ya kumwogopa. Lakini aliyekaa mwaka mzima bila kuchelewa arudi kwenye miezi mitatu. Na ukitaka kupandisha, umwambie miezi sita kabla, kwa maandishi, siyo kwa ujumbe wa simu. Naye akishindwa kulipa miezi miwili, mkataba useme anatoka bila kesi, na bili ya maji anailipa kabla hajatoa shubaka. Hapo tunaweza kukaa?

Mwenye fremu, Pasiansi:

Marahaba mwanangu. Hapo naweza kukaa. Na hiyo kodi ya zuio nitakatwa mimi kama inavyotakiwa, sitambebesha mtu.

Ila kilemba mkizungumze wenyewe kwa wenyewe. Milioni tatu alizotoa huyu wa Makoroboi, huenda hazikwenda kwa mwenye fremu. Kwangu mimi haijawahi kufika hata senti moja. Anazichukua mpangaji anayetoka.

Mleta mada, Kirumba:

Ni kweli, mzee. Mimi nilipoingia nilimpa aliyenitangulia milioni mbili, na nilikuwa nangoja anayenifuata anirudishie na nyongeza. Hilo sikuliandika kule juu, na nilipaswa kuliandika.