Naomba ushauri: may, might, could na can nizifundisheje?
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza, kidato cha pili. Juzi mwanafunzi kanibana: "It may rain", "It might rain" na "It could rain" zina tofauti gani, wakati kwa Kiswahili zote ni "huenda mvua ikanyesha"? Nikamjibu might mara nyingi ina mashaka zaidi kidogo. Akauliza, mbona basi hatusemi "It can rain this evening"? Hapo nikajifanya natafuta chaki.

Najua can ni ya hali inayojitokeza nyakati fulani, kama "Mbeya can be cold in July". Tena "He can't be at home" ni haiwezekani yupo, ila "He may not be at home" ni huenda hayupo. Kumweleza mtoto akaelewa ndiyo shughuli. Nyie mnatumia mifano gani?