Nimekwama kwenye njia nyekundu: nitafute mwalimu, au nibadilishe kituo?

Mteremko_Polepole:
Habari wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni. Njia za buluu, zile rahisi, nashuka bila wasiwasi, kona nakata skii zikiwa sambamba. Shida ni nyekundu, zinazofuata kwa ugumu. Mteremko ukikaza, au theluji ikiwa ngumu kama sakafu, narudi kwenye ule mtindo wa wanaoanza: skii zinakutana mbele, mapaja yanawaka moto, nikifika chini sitaki hata kuiona lifti ya kunirudisha juu.

Nina wiki moja, katikati ya Januari. Nafikiria kituo cha Val Thorens kule Ufaransa, au St. Anton au Saalbach kule Austria. Nijiunge na darasa la kundi, nichukue mwalimu wa peke yangu kwa saa chache, au niteleze tu mpaka mwili uzoee?

Kona_Fupi:
Mkuu, hilo la mwili kuzoea lifute. Mwili huzoea unachoufanyisha, na sasa unaufanyisha kuegemea nyuma. Mapaja kuwaka ndiyo dalili yenyewe. Ukiona mteremko mkali unarudisha makalio nyuma, uzito unahamia kwenye visigino, ncha za skii zinakuwa nyepesi na hazishiki theluji. Kona inakataa, unailazimisha kwa misuli.

Nenda kwenye buluu rahisi kabisa. Kila kona, sikilizia kama muundi unagusa ulimi wa buti. Ukiacha kugusa, umeshakaa kitako. Kisha katikati ya kona inua kidogo mkia wa skii ya ndani, ncha yake ibaki chini. Ikigoma kuinuka, ujue uzito umeuacha ndani wakati skii ya nje ndiyo inayopaswa kuubeba.

Mwalimu chukua wa peke yako, ila si kila siku. Saa mbili mwanzoni mwa wiki, saa mbili tena siku ya nne, katikati ufanyie kazi alichokwambia. Usimwambie "nataka kuwa bora", mwambie "nataka kushuka nyekundu ngumu bila kukaa nyuma". Akikukimbiza kwenye nyeusi, zile ngumu zaidi, ili ukapige picha, huyo anakufurahisha tu.

Shangazi_Lifti:
Kona_Fupi kasema vizuri, ila kundi asilidharau. Mwalimu wa peke yako ni ghali, na ukimfuata mtu anayekata kona vizuri mbele yako, mguu unaiga kabla kichwa hakijaelewa. Uliza kabla ya kulipa: wanafunzi wangapi, na darasa linazungumza lugha gani. Ukiona kundi si lako, omba kuhamishwa siku hiyohiyo, usingoje Jumatano. Na usijipandishe daraja kwenye fomu ya kujiandikisha, mwanangu. Watu wengi hapo ndipo wanapoponzwa.

Theluji_Juu:
Mimi nizungumzie vituo. St. Anton iweke kiporo. Hannes Schneider, mwalimu maarufu wa skii, alianzisha shule yake pale mwaka 1921, kwa hiyo ualimu wanaujua, lakini mlima wenyewe ni mkali na rangi zake zinadanganya: buluu ya pale inaweza kukutoa jasho kuliko nyekundu ya kwingine. Tena kuna njia zenye alama ambazo hazisawazishwi na mashine kabisa. Unayejifunza kukaa mbele zitakurudisha nyuma.

Val Thorens iko mita 2,300, theluji ni ya uhakika, na umeunganishwa na njia za Trois Vallées, yaani vituo vya mabonde jirani, jumla kilomita 600 hivi za njia. Kasoro yake ni moja: hakuna miti. Ukungu ukishuka huoni mteremko unaanzia wapi, na mtu mwenye hofu hukaa nyuma zaidi. Siku kama hiyo, kama lifti za kuvukia zinafanya kazi, vuka kwenda vituo jirani vya Méribel au Courchevel, kwenye misitu.

Kwako wewe ningesema Saalbach. Kilomita 270 za njia, buluu na nyekundu zimejaa, nyingi pana na zimesawazishwa, unaweza kurudia mteremko uleule asubuhi nzima. Kijiji kiko chini, karibu mita 1,000, ila Januari hilo halinisumbui. Ningesumbuka Aprili.

Januari umechagua vizuri. Februari shule za Ufaransa zinafunga kwa zamu, foleni za lifti utazichukia.

Mteremko_Polepole:
Asanteni sana. Saalbach basi, na mwalimu mara mbili. Swali dogo: buti huwa nakodi, nachagua zisizobana, mguu unacheza kidogo ndani. Inahusika?

Kona_Fupi:
Inahusika sana kaka! Ungeanza na hilo. Mguu ukicheza, unaisukuma buti kwanza ndipo skii isikie, na kona imeshapita.

Vaa soksi moja tu. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi kidogo. Kisigino kisiinuke hata chembe. Kikiinuka, rudi dukani ubadilishiwe, usione aibu hata ukirudi mara tatu.

Shangazi_Lifti:
Na ufunge vifungo vya juu tena ukishateleza mara moja mbili. Buti hulegea mguu ukishatulia ndani.

Mteremko_Polepole:
Kumbe! Nilikuwa navifunga asubuhi na kuvisahau mpaka jioni.