Programu imeacha fonti nje ya PDF kimya kimya, kadi 400 za harusi zimeharibika!

Wakuu, nina hasira tangu mchana, acheni niimalizie hapa kabla sijaimalizia kwa mtu.

Kadi za harusi 400. Majina ya maharusi nimeyapanga kwa fonti ya mwandiko, ile ya mikia mikia wanayoipenda kina dada, niliipakua bure. Nikatoa PDF, nikaifungua kwenye kompyuta yangu, safi kabisa. Nikapeleka kwa mchapaji Kariakoo. Leo nafungua boksi, majina yametoka kwa Courier! Herufi za taipureta, utadhani hati ya kiapo. Mchapaji ananiangalia tu: "Kaka, ulicholeta ndicho nilichochapa."

Nimerudi nyumbani, nikafungua faili kwa Adobe Reader, nikaenda kwenye sifa za hati, upande wa fonti. Nyingine zote zimepachikwa, yaani zimo ndani ya faili lenyewe, na pembeni ya majina yake pameandikwa hivyo. Ile ya maharusi iko uchi, haimo. Kwangu ilionekana kwa sababu nimeisakinisha, Reader ikaiazima humo humo. Mashine ya mchapaji ingeitoa wapi?

Nimechimba hadi nikaipata sababu. Fonti za TrueType na OpenType hubeba namba iitwayo fsType. Ikiwa 2, mwenye fonti amekataza isipachikwe. Haki yake, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na programu niliyotolea PDF: umeisoma namba, umeitii, halafu unaniambia kazi imekamilika? Picha ikiwa na ukungu kidogo unapiga kelele, fonti nzima ikibaki nyuma unanyamaza?

Najua mtaniletea PDF/X, ile aina ya PDF ya kupeleka kwa wachapaji. Ndiyo, PDF/X-1a ipo tangu 2001 na inalazimisha fonti zote ziwemo. Nimeijaribu jioni hii, programu ikagoma palepale na kuitaja fonti kwa jina. Kumbe ilikuwa inajua! Ila mpangilio ambao programu inakuja nao si huo, na mimi nilibonyeza ulioko juu kama kila mtu.

Kinachonikera zaidi, dada yake bibi harusi aliona mapema. Nilimtumia PDF WhatsApp, akaniuliza, "Kaka, mbona majina yamekaa kawaida tu?" Nikamjibu ni simu yake, yakichapwa yatatoka vizuri. Simu yake ndiyo ilikuwa inasema kweli.

Usiku huu nageuza majina yote kuwa michoro ili fonti isihitajike tena, narudia kadi 400 kwa hela yangu. Sherehe ni Jumamosi ijayo, kadi hazijagawiwa hata moja, na mama wa bibi harusi kanipigia mara tano sijapokea.

Kuna mwenye kujua jinsi ya kuilazimisha programu ikatae badala ya kunyamaza, hata nikisahau kuchagua PDF/X? Na atakayesema "ungekagua kwanza", mkuu, pita tu.